Maisha ya Imamu Ghazali, Yatima wa Tus

Shukurani zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyemlea Mtume wake katika uyatima kisha akamfanya kiongozi wa viumbe. Rehema na amani zimfikie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baada ya hayo, jina la Imamu Ghazali si geni katika miji ya pwani. Masharifu wa Hadhramaut waliokuja Lamu na Unguja na Ngazija walikuja na mapenzi makubwa ya kitabu chake Ihyau Ulumid-Din, na wanafunzi wengi wameanza njia ya tabia njema kwa kitabu chake kidogo Bidayatul-Hidaya. Lakini wengi wamjuao kwa ilimu yake hawakumbuki ya kuwa mtu huyu alikuwa yatima, na kwamba mlango alioingilia katika ilimu ulikuwa mlango wa njaa. Khabari hiyo ina mafunzo kwa kila mwenye yatima nyumbani mwake, na kwa kila aliyeachiwa wasia wa watoto wa mwenzake.

NASABA YAKE NA MJI WAKE

Yeye ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad bin Muhammad al-Ghazali. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, nao ni mwaka 1058 wa miladi, katika Tabaran, mmoja wa miji miwili iliyokuwa ikiitwa kwa pamoja Tus, katika jimbo la Khurasan. Mahali hapo sasa ni katika nchi ya Iran, karibu na mji wa Mashhad. Zama hizo Khurasan ilikuwa mikononi mwa masultani wa Kiseljuki, Waturuki waliosilimu na kushika njia ya Sunna. Khalifa wa Bani Abbas alikuwa Baghdad, ana jina na heshima, lakini nguvu za dola zilikuwa kwa masultani hao.

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya asili ya jina Ghazali. Wako wasemao ni nisba ya kijiji kiitwacho Ghazala, na wako wasemao latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya msokotaji wa nyuzi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yake.

Baba huyo alikuwa mtu maskini, mwema, asiyekula ila jasho la mkono wake. Akisokota sufu na kuiuza katika kiduka chake pale Tus. Hakujua kuandika. Lakini alipomaliza kazi yake alikuwa akenda katika vikao vya mafakihi, akikaa chini akiwasikiliza, na akiwakhudumia kwa kile alichoweza. Akisikia maneno yao hulia, akamuomba Mwenyiezi Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa fakihi. Na akenda katika vikao vya waidhi hulia vile vile, akaomba apate mtoto atakayekuwa mwenye kuwaidhi watu. Mwenyiezi Mungu akampa watoto wawili wanaume, Muhammad na Ahmad. Muhammad ndiye aliyekuja kuwa fakihi mkubwa kabisa wa zama zake, na Ahmad akawa mwaidhi ambaye nyoyo zikilainika kwa maneno yake. Dua zote mbili ziliitikiwa, lakini mwenye kuomba hakuishi akaziona.

WASIA WA MSOKOTA SUFU

Mauti yalimjia mzee huyo ilhali watoto wake ni wadogo. Akamwita rafiki yake mmoja, mtu mwema katika watu wa tasawwuf, akamuusia juu yao. Akamueleza ya kuwa yeye ana majuto makubwa kwa kukosa kujifunza kuandika, na kwamba anataka kile alichokikosa yeye akipate kwa watoto wake wawili. Akamtaka awasomeshe, na awatumilie katika jambo hilo kila alichowaachia, hata kikisha chote.

Wasia huu wafaa kuzingatiwa. Mzee huyu hakumwambia rafiki yake awatunzie watoto akiba yao mpaka wakue, wala hakumwambia awanunulie nyumba. Mali yake ilikuwa kidogo, na alijua ya kuwa mali kidogo ikiwekwa huliwa na siku. Akachagua igeuzwe kuwa kitu kisichoibwa wala kisichooza, nacho ni ilimu katika vifua vya watoto.

Yule Sufi akaishika amana. Akawachukua watoto, akawafundisha kusoma na kuandika, na akawa akiwatumilia katika kile kidogo alichoacha baba yao. Hata siku moja ile akiba ikesha kabisa.

SIKU ILIPOKWISHA AKIBA

Wasii wengi siku kama hiyo huwa mmoja katika watu wawili. Yuko anyamazaye, akawaacha watoto wadhani ya kuwa bado wana mali yao kwake, hata wakikua wakaja kumdai ukawa ugomvi na kupelekana kwa kadhi. Na yuko asemaye ya kuwa wasia umekwisha pamoja na fedha, akawafungulia mlango waende zao.

Mtu yule hakufanya hili wala lile. Aliwakalisha watoto akawaambia kweli: ya kuwa kila kilichokuwa chao amekwisha kukitumia juu yao, na kwamba yeye mwenyewe ni fakiri asiyekuwa na mali ya kuwasaidia. Kisha akawaonyesha njia. Akawapa shauri waende katika madrasa, waingie kama wanafunzi, wapate huko chakula cha kuwatosha.

Yafaa ifahamike madrasa za zama hizo zilivyokuwa. Tajiri au mtawala alikuwa akijenga nyumba ya kusomea yenye vyumba vya kulala, kisha akaiwekea wakfu mashamba, au maduka, au mahamamu, na mapato ya hayo yakatoa mshahara wa mwalimu na posho ya wanafunzi. Mtoto asiye baba alikuwa akipata humo mkate wake wa kila siku, na mahali pa kulaza ubavu, na mwalimu wa kumuangalia. Wakfu ulikuwa ukisimama mahali pa baba.

Basi Muhammad na Ahmad wakaingia madrasa. Waliingia kwa ajili ya mkate. Na Imamu mwenyewe, alipokuwa mtu mkubwa ambaye wafalme wakimuandikia, hakuona haya kuisimulia khabari hii. Alikuwa akisema ya kuwa wao waliitafuta ilimu kwa ajili ya kitu kisichokuwa Mwenyiezi Mungu, lakini ilimu yenyewe ikakataa isipokuwa kwa ajili yake.

Mtoto mwenye njaa halaumiwi kwa kukimbilia penye chakula. Lakini neno hilo halikumtoka Imamu moyoni, na baada ya miaka mingi lilimrudia kwa nguvu, kama itakavyokuja.

MASOMO YAKE NA KHABARI YA WANYANG'ANYI

Alianza kusoma fikihi ya Imamu Shafii pale pale Tus, kwa Sheikh Ahmad ar-Radhakani. Na Imamu Shafii mwenyewe alikuwa yatima. Mama yake alimchukua kutoka Ghaza akampeleka Makka, akasoma chuoni bila ya ada kwa kuwa mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu, na mwalimu akaridhika naye kwa kuwa alikuwa akimshikia wanafunzi anapoondoka. Basi njia hii aliyoisoma kijana wa Tus ilikuwa imeasisiwa na yatima mwenziwe.

Kisha akasafiri kwenda Jurjan, akasoma huko, na masomo yote aliyoyapata akayaandika katika daftari. Alipokuwa akirudi kwao pamoja na msafara, wakatokewa na wanyang'anyi, wakachukua kila walichokuwa nacho wakenda zao. Ghazali akawafuata. Mkubwa wao akageuka akamuonya arudi ama sivyo ataangamia. Akamsihi kwa jina la Mwenyiezi Mungu amrudishie daftari zake tu, kwani hazina faida kwao, naye alisafiri akataabika kwa ajili ya kusikia na kuandika yaliyomo. Yule mnyang'anyi akacheka. Akamuuliza vipi anadai kuwa anayo ilimu hiyo, na wao wamekwisha mnyang'anya, akabaki hana ilimu. Kisha akaamrisha apewe mkoba wake.

Maneno ya mwizi yalimuingia kijana huyu kuliko mawaidha. Aliona ya kuwa Mwenyiezi Mungu ndiye aliyemtamkisha mtu yule ili amuongoze. Alipofika Tus akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata akawa akinyang'anywa tena hapungukiwi na kitu. Na huo ndio wasia wa baba yake ulipotimia kwa kweli: mali ya yatima ikawa mahali pasipofika mkono wa mwizi.

NISHAPUR

Baada ya hapo akenda Nishapur kwa Imamul-Haramayn, Abul-Maali al-Juwayni, aliyekuwa mkubwa wa Mashafii wa zama zile. Akasoma kwake fikihi, na usuli, na ilimu ya kujadili, na mantiki. Akajibidiisha mno, hata akawapita wenziwe wote, na akaanza kuandika vitabu ilhali mwalimu wake yu hai. Imamul-Haramayn alikuwa akijifakhari naye, na alimfananisha na bahari isiyokuwa na mwisho. Mwalimu huyo alifariki mwaka 478 (1085), na mwanafunzi wake wakati huo ana umri wa miaka ishirini na minane.

BAGHDAD NA UTUKUFU WA DUNIA

Waziri mkubwa wa dola ya Seljuki alikuwa Nidhamul-Mulk, mtu aliyewapenda wanavyuoni. Alijenga madrasa katika Baghdad, na Nishapur, na Balkh, na Herat, na Isfahan, na Basra, na kwengineko, zikaitwa Nidhamiyya kwa jina lake, na akaziwekea wakfu mwingi. Ile ya Baghdad ilifunguliwa mwaka 459 (1067), na ilikuwa ya kusomesha fikihi ya Shafii.

Baada ya kufa mwalimu wake, Ghazali akenda katika kambi ya waziri huyo, na huko wakikutana wanavyuoni wakubwa. Akajadiliana nao mbele ya waziri, akawashinda, na sifa zake zikaenea. Mwaka 484 (1091) waziri akamuweka kuwa mwalimu wa Nidhamiyya ya Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne tu.

Basi yule mtoto aliyekuwa ameingia madrasa kutafuta mkate akawa sasa ndiye mkuu wa madrasa iliyoshinda zote kwa sifa. Wanafunzi mia tatu walikuwa wakikaa mbele yake, na wanavyuoni wakubwa wakihudhuria darasa zake. Makhalifa wakimtaka ushauri. Katika miaka hiyo aliandika vitabu vya fikihi, na akawarudi Mabatini, na akaandika Tahafutul-Falasifa kuwarudi wanafalsafa. Jaha yake ilifika hata ikasemwa kuwa inashinda ya mawaziri.

Lakini mwaka 485 (1092) Nidhamul-Mulk aliuawa, na Sultani Malikshah akafa mwaka huo huo, na watoto wa Sultani wakaanza kupigania ufalme. Mwenye akili aliona ya kuwa jaha itegemeayo wafalme ni nyumba iliyojengwa mchangani.

KUONDOKA KWAKE

Mwaka 488 Imamu akaitazama nafsi yake. Akaangalia kazi zake, na iliyo bora katika hizo ilikuwa kusomesha. Akaiuliza nafsi yake anasomesha kwa ajili ya nani. Akaona kuwa kinachomsukuma ni kutafuta jaha na kuenea kwa jina. Lile jambo la utotoni likamrudia kwa sura nyengine. Utotoni aliitafuta ilimu kwa ajili ya mkate, na alikuwa na udhuru wa njaa. Sasa aitumia kwa ajili ya sifa, na udhuru hana.

Akakaa karibu ya miezi sita tangu Rajabu ya mwaka huo, siku moja aazimia kutoka Baghdad na siku ya pili azimio lavunjika. Hata ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kusomesha. Akijilazimisha aseme japo siku moja ili awaridhishe wanafunzi wake, na ulimi usitamke hata neno. Huzuni ikamuingia, chakula kikamshinda, mwili ukadhoofu, na matabibu wakakata tamaa ya kumtibu, wakasema kuwa maradhi yametoka moyoni na hayana dawa mpaka moyo upumzike. Akamuelekea Mwenyiezi Mungu kwa maombi ya mtu asiye na hila, na Mwenyiezi Mungu akamsahilishia kuiacha jaha, na mali, na marafiki.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Imamu alikuwa na watoto. Alijua mtoto asiye baba huonjaje. Basi aliigawa mali yake, lakini hakuigawa yote. Alibakisha kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Akaeleza ya kuwa mali ya Iraq imewekwa wakfu kwa maslaha ya Waislamu, na kwamba hakuona duniani mali iliyo bora kuliko hiyo kwa mwanachuoni kuwachukulia watoto wake. Kuipa nyongo dunia hakukumfanya awaache wanawe wakiomba. Madrasa akamuachia ndugu yake Ahmad asomeshe mahali pake, yule yule aliyeingia naye madrasa siku ya njaa.

Akatoka Baghdad katika Dhul-Kaada mwaka 488 (1095), akidhihirisha kuwa anakwenda Makka, na moyoni anakusudia Sham, kwa kuogopa Khalifa na marafiki wasimzuie.

SAFARI NA KURUDI

Alikaa Sham karibu ya miaka miwili, hana kazi ila ibada na kuisafisha nafsi. Katika mji wa Dimashki alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Bani Umayya na kujifungia humo mchana kutwa. Akenda Baitul-Muqaddas, akawa akiingia Qubbatus-Sakhra na kujifungia. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahimu, na hapo, mwaka 489, akaweka ahadi ya mambo matatu: asipokee mali ya mtawala yeyote, asende kumuamkia mtawala yeyote, na asijadiliane na mtu kwa kutaka kumshinda. Kisha akahiji.

Mwenye kuyazingatia maisha yake ataona ya kuwa siku ile ndiyo aliyokuwa mtu mzima kwa maana ya kweli. Utotoni alichukuliwa na wasii. Ujanani akachukuliwa na wakfu. Ukubwani akachukuliwa na waziri. Pale kaburini kwa Nabii Ibrahimu alisimama kwa miguu yake mwenyewe, hana wa kumtegemea ila Mola wake.

Baadaye alipita Baghdad mwaka 490, kisha akarudi kwao Tus. Na lililomrudisha, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa ni wito wa watoto wake, baada ya kuwa mbali kabisa na fikra ya kurudi. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihyau Ulumid-Din, kitabu chenye vitabu arubaini katika robo nne: ibada, na mambo ya maisha, na yenye kuangamiza, na yenye kuokoa.

Mwaka 499 (1106) waziri Fakhrul-Mulk, mtoto wa Nidhamul-Mulk, alimshikilia arudi kusomesha Nishapur. Akakubali baada ya kushauriana na watu wema, kwa kuona ufisadi wa zama na haja ya watu. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu kuacha kusomesha Baghdad. Alisema ya kuwa japokuwa kwa kuonekana amerudi kusomesha, yeye hakurudi alikokuwa. Kwani hapo zamani alisomesha ilimu ya kuchumia jaha, na sasa anaita watu katika ilimu ya kuacha jaha. Hakukaa huko muda mrefu, akarudi Tus.

ALIYOYAFUNDISHA JUU YA KULEA

Aliyelelewa na watu alijua namna ya kulea. Katika Ihya ameweka mlango juu ya kuwaongoza watoto, na humo amesema ya kuwa mtoto ni amana kwa wazee wake, na moyo wake ni johari safi isiyochorwa kitu, yakubali kila chora. Ametaka afundishwe adabu ya kula: ale kwa mkono wa kulia, ataje jina la Mwenyiezi Mungu, asikikodolee macho chakula, asifanye haraka, atafune vizuri. Na mara nyengine apewe mkate mkavu, asizoee kudhani kuwa kitoweo ni lazima. Asizoezwe malazi laini wala kulala mchana, na apewe nafasi ya kutembea na kuunyosha mwili.

Mtoto wa tajiri afundishwe kuwa utukufu ni katika kutoa. Na mtoto wa maskini afundishwe kuwa tamaa ya kupokea ni udhalili. Neno hili la pili ni neno la mtu aliyepata kupokea. Hakutaka mtoto wa maskini azoee mkono ulio chini, kwani aliyezoea kupewa utotoni hutaka kupewa mpaka mvi.

Mtoto akikosa mara moja, mlezi ajifanye hakuona, wala asimfedhehi. Akirudia, amkanye kwa siri. Wala asimzidishie maneno kila wakati, kwani masikio yakizoea lawama, moyo haushtuki tena. Na akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, kwa kuwa kumzuilia mchezo na kumtaabisha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Walimu na wazingatie neno hili.

Na katika kitabu cha ilimu amesema ya kuwa kulima, na kufuma, na kushona, na utabibu, ni faradhi za kutosheleza. Mji ukikosa mwenye kuzijua, watu wake wote wamo katika dhambi. Akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana katika fikihi, na miji mingine haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Basi asidhani mtu kuwa njia ya yatima ni lazima awe mwanachuoni. Kazi ya halali yenye kuwafaa watu ni ibada, na atakayemfundisha yatima kazi hiyo amemfundisha dini.

MWISHO WAKE

Miaka yake ya mwisho aliikaa Tus. Karibu na nyumba yake alijenga madrasa ya wanafunzi, na makao ya Masufi. Akaigawa siku yake baina ya kukhitimu Kurani, na kukaa na watu wa moyo, na kusomesha. Baba yake alimuachia Sufi watoto, na Sufi akawapeleka madrasa. Yeye akazijenga zote mbili ukutani kwake, ili mtoto wa mwengine asikose mlango. Alikuwa na kiasi cha kumtosha yeye na watu wake, na mali aliyoletewa na wakubwa hakuikubali.

Alifariki siku ya Jumatatu, mwezi 14 Jumadal-Akhir mwaka 505, nao ni mwaka 1111, na umri wake ni miaka hamsini na mitano. Ndugu yake Ahmad amesimulia kuwa alfajiri ya siku hiyo alitawadha akasali, kisha akaomba sanda yake, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akadhihirisha utiifu wake kwa wito wa Mfalme, akanyosha miguu na kuelekea Kibla. Akafa kabla ya jua kupanda. Hakuacha ila watoto wanawake. Ahmad aliishi mpaka mwaka 520.

Vitabu vyake havikufa. Kitabu chake Wajiz katika fikihi kilisherehishwa na Imamu Rafii. Na kitabu cha Rafii kiitwacho Muharrar ndicho alichokifupiza Imamu Nawawi kikawa Minhaj, kisomwacho na Mashafii wa pwani. Kwa hivyo kila anayefungua Minhaj anapokea kitu kilichopita katika mkono wa yatima yule.

MAZINGATIO

Ama mafunzo ya maisha haya kwa wenye kulea mayatima, ni haya.

La kwanza, ni kweli. Wasii yule aliwaambia watoto hesabu ya mali yao ilipokwisha, wala hakuwaficha. Mali ya yatima ni moto kwa mwenye kuila kwa dhulma. Na shamba la minazi la yatima likiuzwa kwa siri, hakuna sadaka ya Ijumaa itakayolirudisha.

La pili, ni kuwa lengo la malezi ni mtoto asimame mwenyewe. Sharia imeamrisha mayatima wajaribiwe kabla ya kukabidhiwa mali yao, na mafakihi wa Kishafii wamebainisha: mtoto wa mfanyabiashara ajaribiwe katika kununua na kuuza na kupatana bei, mtoto wa mkulima ajaribiwe katika kulima na kuwalipa vibarua, na jaribio lirudiwe, lisiwe la mara moja. Akionekana ana uongofu katika dini yake na mali yake, akabidhiwe mbele ya mashahidi. Vipi atajaribiwa ambaye hajapata kufundishwa? Wako waliomlea yatima kwa huruma nyingi, wakamlisha na kumvisha, hata akabaleghe hajui kupima pishi wala kuhesabu faida. Wakamkabidhi mali siku moja, na mwaka haukupita ikesha. Huruma isiyofundisha ni nusu ya dhulma.

La tatu, ni wakfu. Mtu mmoja fakiri hakuweza kuwalea watoto wawili peke yake, japokuwa ni mwema. Waliokolewa na nyumba iliyowekewa wakfu na watu ambao hawakuwajua. Mwenye nyumba mbili au mashamba mawili na akumbuke hilo angali na afya.

La nne, asidharauliwe mtoto aliyekuja chuoni kwa ajili ya chakula. Mwalimu asimuulize nia yake. Ampe chakula, kisha amsomeshe. Nia itakuja nyuma. Pengine katika wale wanaopiga foleni kwa bakuli la uji yumo ambaye watu watasoma vitabu vyake baada ya miaka mia tisa.

Mwenyiezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na amrehemu yule msokota sufu asiyejua kuandika, na yule fakiri aliyeshika amana mpaka senti ya mwisho. Na awajaalie Waislamu kuwa baba kwa wasiokuwa na baba. Amin.